Top Gear haikufa kwa sababu ya Clarkson. BBC waliwaweka benchi waliojua magari

Wakuu, salaam.

Nimechoka. Kila uzi wa magari humu ukigusia Top Gear, kile kipindi cha magari cha BBC ya Uingereza, hata ukurasa wa kwanza haujaisha anatokea mtu anaandika "bila Clarkson hakuna kipindi", wengine wanagonga like, mjadala unafungwa. Leo naomba tubishane mpaka mwisho, maana hoja hiyo inawapa BBC msamaha ambao hawaustahili hata kidogo.

La Jeremy Clarkson, mtangazaji wake mkuu wa zamani, tulimalize kwanza. Machi 2015 alimpiga produza wa kipindi hotelini huko Yorkshire baada ya siku ya kurekodi, kisa jikoni hakukuwa na chakula cha moto. Mtu anavujishwa damu mdomoni akiwa kazini kwa sababu bosi kakosa nyama! Watu zaidi ya milioni moja wakasaini eti asiondolewe. Mimi nasema BBC walifanya sawa kutomwongezea mkataba, na mwaka uliofuata yeye mwenyewe aliomba radhi na kesi ikaisha kwa fidia inayozidi pauni 100,000. Kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia nalilia Clarkson.

Hasira yangu inaanzia pale walipokaa kutafuta mbadala.

Juni 2015 wakamtangaza Chris Evans. Ni mtangazaji mkubwa wa redio Uingereza, anamiliki Ferrari za zamani, anazipenda kweli. Lakini kupenda gari ni jambo moja, kumweleza mtu gari akakuelewa ni jambo lingine kabisa. Tarehe 29 Mei 2016 kipindi kikarudi hewani, na mtu anapiga kelele toka dakika ya kwanza mpaka ya mwisho. Anapiga kelele studio, anapiga kelele ndani ya gari, anamsemesha mgeni kwa kelele. Uwanja ni uleule wa Dunsfold, Stig, yule dereva anayeficha uso kwa kofia, ni yuleyule, utani umeandikwa kwa mtindo uleule wa wale watatu waliotangulia, yaani Clarkson, James May na Richard Hammond. Kile kipengele cha mgeni maarufu kuendesha gari akipimwa muda wakakitia matope na Mini ya rali, kikawa kirefu mpaka unatamani kwenda kuoga.

Yaani BBC waliamini siri ya kipindi ni mpangilio wake. Weka watu wengine, wape mistari ileile, watazamaji watacheka. Wale wa zamani walikaa pamoja miaka zaidi ya kumi wakigombana barabarani! Mnaikumbuka safari yao ya huku kwetu ya mwaka 2013, walipotafuta chanzo cha Mto Nile? Clarkson na BMW 528i, May na Volvo 850 R, Hammond na Subaru Impreza, zote stesheni wagoni za bei chee. Walikwama kwenye foleni ya Kampala wakatoka jasho kama sisi, wakapita Rwanda, wakaingia Tanzania mpaka Serengeti. Gari zikafa njiani wakazifufua kwa vyuma vya kuungaunga. Mtu wa Mwanza au Kigali aliona gari anazozijua zikiteseka kwenye barabara anazozijua. Huwezi kumkabidhi mtu karatasi akakuletea kitu cha namna hiyo.

Sasa tuje kwenye kinachonichoma zaidi. Msimu ule wa 2016 walitangaza watangazaji sita ukiacha Stig: Evans, Matt LeBlanc, Eddie Jordan, Sabine Schmitz, Chris Harris na Rory Reid. Angalieni walivyopangwa.

Sabine Schmitz alikulia pale pale Nürburgring, uwanja wa mbio za magari wa Ujerumani. Alishinda mbio za saa 24 za uwanja huo mwaka 1996 na 1997, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 2005 aliingia uwanja huo na Ford Transit, gari la mizigo, la dizeli, akajaribu kumaliza mzunguko chini ya dakika 10, akapitiliza kwa sekunde chache tu. Nani hakuipenda ile? Halafu unaye mtu huyu, unampa dakika za kuokoteza, na kelele anaachiwa Evans. Amefariki 2021 kwa saratani na mimi mpaka leo naumia kwamba hakupewa kipindi chake.

Harris ni mwandishi wa magari wa miaka mingi. Anakuambia gari linafanya nini kwenye kona wakati huohuo linateleza mikononi mwake, na hata kama hujawahi kushika usukani unamwelewa. Reid aliingia kwa kutuma video yake kwenye usaili wa wazi, naye anajua magari na anaongea kama mtu wa kawaida. Hao wawili wakapelekwa Extra Gear, kipindi cha pembeni cha BBC Three, chaneli ambayo Februari mwaka huohuo ilikuwa imetolewa kwenye runinga ikabaki mtandaoni tu. Wanaojua kazi wakafichwa huko, asiyejua akakaa mbele.

Matokeo mnayajua. Usiku wa kwanza watazamaji milioni 4.4, kipindi cha mwisho cha msimu, tarehe 3 Julai, milioni 1.9. Kesho yake Evans akaachia ngazi. Hawakusubiri hata msimu wa pili.

LeBlanc simo kwenye kumponda. Watu walimkataa kwa sababu ni mwigizaji na ni Mmarekani, lakini yule jamaa ni mtulivu, gari anaendesha, na kumbukeni 2012 alikuja kama mgeni akaweka muda bora kwenye ile Kia ya wageni maarufu. Mwaka 2017 wakabaki yeye, Harris na Reid, na hapo ndipo kipindi kilianza kupumua. Harris akaendesha Ferrari FXX K kule Daytona. Halafu wakaenda Kazakhstan na magari yaliyokula kilomita nyingi mno, kuelekea Baikonur, kituo cha kurushia roketi. Niambieni ni mada gani inayotuhusu Wabongo kuliko hiyo, sisi tunaonunua gari mkononi huku hatuiamini hata namba iliyo kwenye dashibodi! Ule utatu ulihitaji muda tu.

Hawakupewa muda. LeBlanc akaondoka 2019, na badala ya kujaza nafasi moja, wakamtoa na Reid, wakamrudisha Extra Gear. Wakaingia Paddy McGuinness, mchekeshaji, na Freddie Flintoff, nahodha wa zamani wa kriketi wa England. Nakubali, wale watatu walielewana, walichekesha, watazamaji wakarudi mpaka 2020 kipindi kikahamishiwa BBC One. Lakini kati ya watatu, aliyekuwa na ujuzi wa kweli wa kuendesha gari kwa mwendo wa hatari ni Harris peke yake, na vituko vikazidi kuwa vikubwa.

Hapa naomba msome polepole. Hammond alinusurika kufa kwenye uwanja wa ndege wa Elvington, Uingereza, mwaka 2006 ndani ya gari lenye injini ya ndege, mwendo unaozidi kilomita 460 kwa saa. Mwaka 2019 Flintoff akapata ajali uwanja huohuo, kwenye chombo cha magurudumu matatu. Desemba 2022 akapata nyingine Dunsfold, Morgan Super 3, gari la wazi lisilo na paa, likapinduka naye. Uso wake mliuona baadaye. Na mwaka 2024 Harris akasema hadharani kwamba miezi mitatu kabla ya ajali ile aliwafuata wakubwa wa BBC akawaonya kuwa wakiendelea hivi mtu atakufa.

Mtu pekee pale aliyejua gari linaweza kumfanya nini binadamu aliongea, na hakusikilizwa! Ni kosa lilelile la 2016. Wakati ule ujuzi uliwekwa pembeni tukapata kipindi kibovu, safari hii ukawekwa pembeni mtu akaharibika uso. Novemba 2023 wakatangaza kukipumzisha kipindi, na watu humu wakaandika tena kwamba ni laana ya Clarkson. Laana gani? Clarkson alikuwa na miaka zaidi ya minane hayupo.

Kwa hiyo mtakaojibu, niambieni kwa nini Reid alitolewa 2019. Niambieni kwa nini Harris na Reid walianzia mtandaoni wakati Evans anapewa Jumapili usiku. Niambieni nani alilipokea lile onyo na akalifanyia nini. Za "bila Clarkson" mfungulie uzi wenu.