Naomba ushauri: mji mdogo Dodoma, hili korongo tulifanyeje?

Wakuu habari zenu. Wenye mashamba pembezoni mwa Dodoma tumeungana tupime viwanja kwa pamoja, kabla madalali hawajatukatia vipande vipande. Mpango wa mji mkuu wa 1976 ulitanguliza waenda kwa miguu na mabasi, nasi tunataka shule na soko vifikike kwa miguu. Hapo tumeelewana.

Kinachoniumiza kichwa ni maji. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Korongo linalokatiza mashamba karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, lakini mvua kubwa ikipiga linafurika na kumega kingo, mizizi ya mikwaju inabaki inaning'inia. Baadhi ya wenzangu wanataka lifukiwe tupate viwanja zaidi. Napinga kabisa, maji yatahamia vyumbani mwa watu. Natamani tujenge vizuizi vya mawe, maji yapungue kasi na kuzama ardhini.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inataja mita 60 kutoka kingo za mto zisizoruhusiwa shughuli za kudumu. Korongo la msimu nalo linahesabiwa? Na wenye mashamba yanayoliwa na hizo mita, tuwafidie vipi kwa haki? Walioshiriki urasimishaji au upimaji shirikishi, naombeni uzoefu wenu.