Mjadala: Lucia wa Joan Sutherland, uigizaji wa kweli au mbwembwe za sauti tu?

Wakuu habari zenu. Kuna hoja moja kila nikikutana nayo inanikera na leo nimeamua tuijadili waziwazi, kwamba Joan Sutherland kwenye lile tukio la wazimu la opera ya Lucia di Lammermoor alikuwa na sauti tu, uigizaji hana, anapanda juu watu wanapiga makofi basi yameisha, na eti ukitaka kumsikia Lucia aliyechanganyikiwa kweli nenda kwa Maria Callas, soprano mwingine mkubwa wa enzi zake. Juzi mdau mmoja kaandika kwamba Sutherland ni filimbi nzuri iliyovalishwa gauni. Mi napinga, napinga kabisa, ila naomba mnisome mpaka mwisho ndo mnirukie.

Kwa ambao opera siyo mambo yenu msikimbie, wengi mshaisikia hii bila kujua. Ile filamu ya The Fifth Element ya 1997, yule mwimbaji wa bluu anayesimama kuimba kwenye meli ya anga, kile kipande cha mwanzo ndo hichohicho, na sauti yenyewe ni ya Inva Mula, soprano (yaani mwimbaji wa kike wa sauti ya juu) wa Albania.

Hadithi iko Uskochi. Lucia anampenda Edgardo ambaye anatoka ukoo wenye uhasama na kwao. Kaka yake Lucia, Enrico, mambo yamemwendea vibaya, anataka dada yake aolewe na Arturo ili familia ipone, kwa hiyo anamwonyesha barua ya kughushi kwamba Edgardo kapata mwingine. Binti wa watu anasaini ndoa, na wino haujakauka Edgardo anaingia ukumbini anamlaani mbele za watu. Usiku huo wageni bado wanakula na kucheza, mchungaji wa familia, Raimondo, anatoka chumbani anawaambia kwamba Lucia kamuua bwana harusi kwa upanga wa bwana harusi mwenyewe. Halafu Lucia anaingia na gauni la kulalia lina damu, na kwa karibu dakika ishirini ukumbi mzima unamsikiliza yeye.

Sasa hapa ndo penye hoja yangu. Watu wanategemea mwanamke aliyetoka kuua alie, apige kelele, sauti ipasuke. Lakini hebu fuatilieni anachoimba. Anasikia sauti tamu ya Edgardo, anamwona, anamwambia wakakae pale kwenye chemchemi walipokuwa wanakutana, katikati anaona mzimu unawatenganisha anaogopa kidogo, mara hofu inapita, anaona madhabahu imetapakaa mawaridi, anaona ubani unafuka, mishumaa inawaka, mchungaji huyu hapa, na anamwambia Edgardo hatimaye mimi ni wako na wewe ni wangu. Yaani kichwani mwake huyu binti yuko kwenye siku bora kuliko zote za maisha yake. Wageni wanaona damu, yeye anaona maua. Kwa hiyo ile sauti safi, iliyonyooka, isiyo na mkwaruzo, ndo ukweli wenyewe wa tukio! Ukiimba kwa uchungu hapo unakuwa umeimba wanachokiona wageni, hujaimba anachokiona Lucia. Kinachoumiza ni kwamba anafurahi.

Na Donizetti mwenyewe, mtunzi wa opera hii, kaandika hivyo. Lucia anaanza wimbo hamalizi, anarukia kitu kingine, na kuna mahali okestra inarudisha wimbo wa sehemu ya kwanza ya opera, ule wa siku waliyopeana pete na Edgardo akaondoka, unapita kwa mbali kama kumbukumbu halafu unapotea. Kwenye hati yake ya kwanza kabisa alitaka ala inayoitwa glasi hamonika, yaani mabakuli ya kioo yanayozungushwa na kuguswa kwa vidole vilivyolowa, sauti yake inatetemeka kama haina mwili, na enzi hizo kuna watu waliamini kabisa kwamba ukiisikiliza sana inakutoa akili. Kabla ya onyesho la kwanza pale Teatro San Carlo, Napoli, tarehe 26 Septemba 1835, akaikata akaweka filimbi. (Anayetaka kusikia wazo lile la mwanzo atafute rekodi ya Beverly Sills ya 1970, kile kioo kimo, kinasisimua mno.) Na kinachoniuma kila nikiwaza ni kwamba Donizetti naye miaka kumi na kitu baadaye akili ilimtoka, maradhi yalimpanda kichwani, akafungiwa kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili karibu na Paris, akafia kwao Bergamo 1848.

Haya, tuje kwa Sutherland. Dada wa Sydney, kazaliwa 1926, kaja London akiwa anadhani yeye ni wa kuimba opera za Wagner, yule mtunzi wa Kijerumani, zinazotaka sauti nene nzito. Mume wake Richard Bonynge ndo alisikia kitu kingine, wakifanya mazoezi anampandishia funguo kwenye piano bila kumwambia, yeye anaimba tu hajui yuko juu kiasi gani. Hii habari ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu masoprano wengi wa koloratura, wale wenye kukimbiza noti na kupambapamba, huwa na sauti nyembamba na nyepesi, wakifika juu inabaki ncha tu. Sutherland alipanda kule na mzigo wake wote. Tarehe 17 Februari 1959, kwenye jumba la opera la Covent Garden, London, Franco Zeffirelli ndo mwongozaji na Tullio Serafin ndo kondakta, akaimba Lucia, na usiku ule ndo uliomfanya dunia nzima imjue. Na hao wanaosema alisimama kama nguzo, Zeffirelli alimkimbiza jukwaa zima na lile gauni la damu, anaimba huku anakwenda, noti haitikisiki.

Kama huna pa kuanzia, anza na rekodi aliyofanya Paris mwaka huohuo wa 1959 akiongozwa na Nello Santi. Sikiliza anavyoingia, chinichini, kama mtu aliyesikia kitu nje ya dirisha anataka kuhakikisha. Sikiliza trili zake, ni trili kweli, noti mbili zinapigana kwa usawa, siyo ule mtetemo ambao wengine wanatuuzia. Halafu nenda kwenye ile kadenza, yaani kile kipande cha mwimbaji kuonyesha ufundi wake, ambayo okestra yote inanyamaza anabaki yeye na filimbi. Filimbi inasema, yeye anajibu. Yeye anasema, filimbi inarudia. Halafu wanakwenda pamoja, na kwa Sutherland kuna sekunde kadhaa ambazo mi siwezi kukwambia ipi ni filimbi na ipi ni mtu.

Na hapo ndo namjibu yule mdau. Mkuu, unasema ni filimbi nzuri. Ndiyo, na ndo wazimu wenyewe huo! Hakuna mgeni hata mmoja kwenye ule ukumbi wa harusi anayeisikia hiyo filimbi, ni sauti iliyoko kichwani mwa Lucia, anazungumza nayo, anaifuata, mwisho anakuwa hiyohiyo. Mwimbaji akiwa na sauti isiyolingana vizuri na filimbi tunasikia watu wawili wanafanya mazoezi, lakini kwa Sutherland mpaka kati ya Lucia na kile anachokisikia unafutika. Huo ni uigizaji, kaufanya kwa koo badala ya mikono.

Najua mtaniambia hiyo kadenza siyo ya Donizetti. Kweli siyo yake, hiyo ya filimbi inahusishwa na soprano Nellie Melba alipoimba Paris 1889, na mwalimu wake Mathilde Marchesi. Ile noti ya juu ya mwisho pia haimo kwenye hati, mi bemol iliyo oktavu mbili na kidogo juu ya do ya katikati ya piano, na tukio lenyewe lilikuwa kwenye ufunguo wa fa, siku hizi kwa kawaida linaimbwa toni moja chini. Lakini opera ya miaka ya 1830 ilitegemea mwimbaji aongeze vyake, mtunzi alikuwa anaacha nafasi makusudi, na Fanny Tacchinardi-Persiani aliyeimba Lucia wa kwanza alisifika kwa mapambo hayohayo. Anayetaka noti za kwenye karatasi tu anataka kitu ambacho Napoli ya 1835 wasingekitambua.

Kuhusu Callas, nampenda, msije mkanigeuzia mjadala. Ile Lucia yake ya Berlin ya 1955 na kondakta Karajan nikiisikiliza nakaa kimya muda mrefu. Ila huu ugomvi wa kuwafanya kambi mbili unapotosha. Serafin aliyemwongoza Sutherland usiku ule wa 1959, mzee wa miaka 80, ndo huyohuyo aliyemwongoza Callas kwenye rekodi ya Lucia ya 1953. 1952 Callas akiimba opera ya Norma pale Covent Garden, aliyeimba Clotilde, kijisehemu kidogo tu, alikuwa Sutherland. Na mazoezi ya mwisho ya ile Lucia ya 1959 Callas alikwenda kukaa kusikiliza. Ni shule moja hiyo. Tofauti ninayoisikia mi ni kwamba Callas kwenye kila neno anakukumbusha kilichopotea, unamwonea huruma tangu anaingia, wakati Sutherland anakuingiza ndani unaona mawaridi naye, halafu unapogutuka ukaikumbuka damu, mwili unakufa ganzi.

Pale ambapo wapinzani wangu wana haki ni kwenye maneno. Sutherland anameza konsonanti, na kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo ilivyozidi, 1959 bado unamwelewa lakini rekodi za baadaye kuna mistari ni irabu tupu. Kwenye sehemu ya kwanza ya tukio la wazimu hainisumbui maana Lucia hasemi na mtu. Ila sehemu ya pili, Spargi d'amaro pianto, Lucia kama anarudi duniani kidogo, anaomba mwili wake umwagiwe machozi ya uchungu na yeye huko mbinguni atamwombea mpenzi wake, hapo maneno yanatakiwa yachome na Callas anachoma. Hapo nampa Callas bila ubishi.

Naona kuna mwingine kauliza, hivi kushangilia mwanamke aliyelazimishwa ndoa mpaka akachanganyikiwa siyo ukatili, tunakaa kwenye viti tunafurahia mateso yake? Swali zito hili na silipuuzi, hasa ukijua kwamba Walter Scott aliyeandika riwaya ya 1819 iliyozaa opera hii aliichota kwenye kisa cha kweli, binti wa Uskochi aitwaye Janet Dalrymple aliyeozeshwa kwa shinikizo 1669 akafa wiki chache tu baada ya harusi. Lakini angalieni opera yenyewe inavyompanga Lucia. Kabla ya hapo kila mtu anamsemea. Kaka anamwamuru, mchungaji anambembeleza akubali, siku ya kusaini sauti yake imo katikati ya watu sita wanaoimba kwa mpigo, hana pa kupenyea. Tukio la wazimu ndo mara ya kwanza wanaume wote wa pale ndani wanaacha kumwamuru, hakuna wa kumzuia, kaka yake anakuja mbio na hasira zake anafika anabaki kutazama. Na hapo ukubwa wa sauti ya Sutherland unakuwa na maana nyingine kabisa, maana kwaya nzima inaomboleza chini na okestra imejaa, sauti nyembamba inafunikwa tena kama alivyofunikwa siku ya kusaini, lakini Sutherland anapita juu yao wote na wanasikia wapende wasipende. Ukatili ungekuwa kumpa Lucia sauti ndogo.

Na suala la makofi, kwamba watu kupiga makofi katikati kunaua tukio. Tazameni ile video ya jumba la opera la Metropolitan, New York, ya 1982, Edgardo ni Alfredo Kraus, Sutherland ana miaka 56, mwili umekuwa mzito, anaimba mpaka mwisho, watu wanalipuka na hawaachi. Sisi tuliokulia kwenye taarab tunajua mtu akinyanyuka kwenda kumtunza mwimbaji pale mstari ulipomgusa hajaharibu wimbo, kamwambia umenifikia. Nikikaa na ile video machozi hunitoka kabla hata ya hiyo noti ya juu, hunitoka kwenye ule mstari wa hatimaye mimi ni wako, jinsi anavyoushika na kuuachia taratibu.

Kwa hiyo upande wa pili naomba mnijibu hili moja. Chukueni rekodi ya Paris ya 1959, nendeni kwenye kadenza, pale yeye na filimbi wanapokwenda pamoja, halafu mniambie ni kitu gani mlitaka afanye kwa uso au kwa mikono ambacho sauti ilikuwa haijakifanya tayari.