Siku zangu zinaangukia Makka: akina mama mliokwenda Umra, nisaidieni

Mama Jinja:

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh, mama zangu na dada zangu.

Mimi ni mjane, nina miaka 41, nauza vitenge hapa Jinja. Kwa miaka minne nimekuwa nikiweka elfu thelathini kila Ijumaa kwenye kikundi chetu cha akiba, na alhamdulillahi pesa ya Umra imetimia. Naenda na wifi yangu pamoja na akina mama wengine saba. Tunatoka Entebbe kupitia Addis Ababa hadi Jeddah, siku tano Makka, kisha tano Madina, halafu nyumbani.

Sasa nimekaa na kalenda nikahesabu mara tatu. Hedhi yangu inatarajiwa siku ya pili ya safari, na mimi hukaa siku sita, wakati mwingine saba. Maana yake Makka yote itapita nikiwa na hedhi, nipandishwe basi la Madina sijatufu, yaani sijafanya tawafu, kuizunguka Kaaba. Nilipomwambia kiongozi wa safari, alinijibu kwamba Mungu ni mwenye kusamehe. Najua anasamehe, lakini mimi nilikuwa nauliza nifanye nini.

Jamaa yangu mmoja anasema mwenye hedhi haingii ihramu, ile hali ya kunuia Umra, kabisa, avuke mikati, pale mahali pa kuingilia ihramu, hivihivi, atanuia akishatoharika. Duka la dawa wamenipa vidonge vya kuzuia damu bila kuniuliza hata swali moja. Viko kwenye mkoba, sijavimeza. Wengine wananiambia ninunue nguo nyeupe maalumu ya ihramu, na wengine kwamba bila maharimu, yaani mume au ndugu wa kiume asiyeweza kunioa, safari yangu haisihi.

Tafadhali, aliyepitia anieleze. Hii ni mara yangu ya kwanza, na sijui kama nitaipata ya pili.

Hajati wa Arua:

Wa alaikumu salaam warahmatullah, dada yangu. Nimesoma maneno yako nikaacha chai ipoe, kwa sababu yaliyonipata mimi 2023 ndiyo haya haya.

Sisi tulianzia Madina. Asubuhi ya kuondoka kwenda Makka niliamka nikaona damu, siku mbili kabla ya wakati wake. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikalia. Mwenzangu wa chumba, kwa nia njema kabisa, akaniambia kama ulivyoambiwa: usiingie ihramu, utanuia ukifika. Nilikuwa karibu kumfuata. Aliyeniokoa ni mama mmoja mtu mzima kutoka Yumbe aliyelala kitanda cha tatu. Alisema, "Asmaa bint Umais alijifungua mtoto pale pale Dhul-Hulaifa, mikati ya wanaotoka Madina, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru aoge, ajifunge kitambaa, aingie ihramu. Wewe una damu ya mwezi tu. Amka uoge."

Kwa hiyo shika hili kwanza, dada: hedhi haizuii ihramu. Inazuia tawafu. Bi Aisha mwenyewe (r.a.) aliingia katika siku zake wakiwa Sarif, njiani kwenda Makka, akalia, na Mtume akamwambia afanye yote anayofanya mwenye kuhiji isipokuwa asiitufu Nyumba mpaka atoharike. Ukivuka mikati bila ihramu na nia yako ni Umra, umejitia kwenye deni: urudi mikati, au uchinje. Shangazi yangu alivuka kwa kusikiliza maneno kama hayo, na akalipia mbuzi wa kuchinja kwa pesa ya kukopa.

Nilioga, nikavaa pedi na suruali ya ndani ya kubana, na dera langu la kijani. Usinunue hiyo nguo nyeupe. Mwanamke hana sare ya ihramu. Nguo yoyote ya sitara, ya rangi yoyote. Kinachokatazwa ni nikabu na glavu. Soksi unavaa. Pale Dhul-Hulaifa wenzangu waliingia msikitini kuswali rakaa mbili, mimi nikabaki kwenye basi. Nilielekea kibla nikanuia, "Labbaika Allahumma umra," nikaongeza lile sharti ambalo Mtume alimfundisha Dhubaa bint Zubeir: kikinizuia kizuizi, basi mahali pangu pa kutoka kwenye ihramu ni pale uliponizuia. Litamke pamoja na niya, usilisahau. Kisha talbiya, yale maneno ya "Labbaika", kwa sauti ya kujisikia mwenyewe tu, hadi Makka. Ni kama kilomita 450, na midomo ilinikauka.

Usiku ule wenzangu walikwenda Haram, msikiti wenye Kaaba. Nilibaki chumbani na masanduku yao. Walirudi alfajiri, vifua vimelowa Zamzam, na mmoja alinikumbatia bila kusema neno. Nilingoja siku nne.

Nikuambie kilichokuwa kigumu, maana watu hawakisemi. Kungoja kwenyewe kunavumilika, una dhikri, una dua, una kumswalia Mtume. Kigumu ni kwamba uko ndani ya ihramu saa zote hizo, na manukato hayaguswi. Kwenye beseni la hoteli kulikuwa na sabuni ndogo nyeupe yenye harufu ya waridi, na mara mbili mkono wangu uliifikia kabla akili haijaamka. Siku ya pili nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni nikaitia chini ya kitanda. Mimi nilikuwa nimebeba kipande cha sabuni ya kufulia nilichokata nyumbani, ndicho nilichoogea. Nywele usizichane, zinang'oka. Suka mabutu ya kulala kabla ya safari uziache. Kucha kata nyumbani.

Siku ya tano mchana damu ilikatika. Nilihakikisha kwa pamba mpaka ikatoka nyeupe, nikaoga josho, na baada ya Alasiri yule mama wa Yumbe akanishika mkono. Sitaeleza nilivyoiona Kaaba. Utaiona mwenyewe inshaallah.

Nilitia punje saba za maharage mfuko wa kulia, na kila nikikamilisha mzunguko nikahamishia moja mfuko wa kushoto. Ukiwa kwenye msongamano unalia unasahau hesabu, punje hazisahau. Unaanzia usawa wa Hajari Aswad, lile jiwe jeusi, Kaaba iwe kushoto kwako. Usigombanie kulibusu jiwe, nyoosha mkono tu upige takbira. Rakaa mbili ziswali mbali nyuma ya Maqamu Ibrahim, popote utakapopata nafasi. Kunywa Zamzam, kisha saayi, kutembea kati ya vilima vya Safa na Marwa, ukianzia Safa. Kwenye zile taa za kijani wanaume wanakimbia, sisi tunatembea. Mara saba, karibu kilomita tatu, zinaishia Marwa. Na jua kwamba saayi haitaki tohara: damu ikija umeshamaliza tawafu, endelea na saayi, punguza nywele, Umra yako imetimia.

Nje ya Marwa, pembeni, yule mama alikusanya mabutu yangu saba mkononi, akapima ncha ya kidole chake, akakata. Yeye alikuwa ameshatoka kwenye ihramu siku nyingi. Hizo nywele nilizifunga kwenye leso nikatembea nazo hadi hotelini.

Sasa safari yako. Ombeni kikundi mwanze Madina. Hedhi ikianza siku ya pili ikakaa saba, inaisha siku ya nane. Siku ya sita unaondoka Madina, unaingia ihramu Dhul-Hulaifa ukiwa nayo, unangoja siku mbili tatu Makka, na bado umebakiwa na muda. Kwa mpango mliopanga sasa, utaondoka Makka kabla damu haijaisha. Gharama yake ni kwamba utaikosa Raudha, ile sehemu tukufu ndani ya msikiti wa Mtume Madina, na hilo litakuuma, sikufichi. Lakini salamu kwa Mtume utatoa ukiwa nje ya msikiti, na Raudha si sehemu ya Umra. Tawafu ni nguzo.

Ustadh wa Mbale:

Mama Jinja, Hajati amesema kweli. Mimi nitagusa mawili tu.

La maharimu: serikali ya Saudia ilitangaza 2022 kwamba haimlazimishi mwanamke kuwa na maharimu kwa hija au Umra, kwa hiyo viza haitakwama. Upande wa sheria, sisi huku wengi ni Shafii, na kwa Shafii Umra ni wajibu mara moja katika umri. Safari ya wajibu mwanamke anaruhusiwa kwenda na wanawake waaminifu. Wewe unaenda mara ya kwanza, na wanawake wanane. Madhehebu mengine yana shuruti kali zaidi na tunayaheshimu, lakini safari yako ina msingi.

La pili ni udhu. Kwetu Shafii ngozi ikigusana na mwanamume asiye maharimu, udhu umetenguka, na kwenye tawafu haiwezekani kuepuka. Zungumza na sheikh wako hapo Jinja kabla hujaondoka juu ya kufuata kauli ya madhehebu mengine katika jambo hilo. Ukifika kule na shaka moyoni utakuwa unatoka kila mzunguko kutafuta maji. Mikono mirefu na soksi zitakusaidia pia.

Na muulize sheikh huyo huyo: ikitokea damu haikatiki mpaka siku ya ndege, nifanye nini? Jibu hilo litoke Jinja, lisitafutwe kwenye ngazi za basi. Kuna mtu aliyeshauriwa hivyo akiwa na haraka na akarudi Uganda hajui kama bado yuko kwenye ihramu.

Muuguzi Kasese:

Dada, vidonge hivyo usivimeze bado. Mimi ni muuguzi, na kilichonisikitisha ni kwamba hukuulizwa swali. Dawa hizo zina homoni. Aliyewahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, mwenye ugonjwa wa ini, mwenye saratani ya matiti, hazimfai. Na utakaa kwenye ndege saa nyingi miguu imening'inia. Nenda kwa daktari akupime presha, akuulize historia yako. Akikuruhusu, kwa kawaida zinaanzwa siku tatu hivi kabla ya hedhi, na kila siku kwa saa zile zile. Ukiruka kimoja, matone yanaanza, na hapo hujui ni hedhi au ni nini. Nimewaona wengi waliosumbuliwa na matone kuliko ambavyo hedhi yenyewe ingewasumbua.

Chanjo je? Homa ya manjano na homa ya uti wa mgongo, zote zichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika, na kadi ya njano ikae pamoja na pasipoti, si kwenye sanduku.

Mama Jinja:

Nimesoma yote, na mengine nimemsomea wifi kwa sauti.

Jana baada ya Maghribi tulikutana nyumbani kwangu wote tisa. Nilijikaza nikasema mbele yao: siku zangu zinaangukia Makka, naomba tuanze Madina. Palikuwa kimya. Kisha mdogo wetu wa kikundi, ana miaka 26, akasema na yeye amehesabu, zake zinaanza siku ya tatu. Halafu mwingine. Tulikuwa watatu, kila mmoja na kalenda yake, kila mmoja amenyamaza tangu Rajabu. Mama mmoja mtu mzima akasema, "Na mlikuwa mnangoja nini?" Leo asubuhi kiongozi amepigiwa simu, na tunaanza Madina.

Daktari nitamwona Jumatatu. Sabuni ya kufulia nimeshakata vipande vitatu, kimoja cha kila mmoja wetu. Hajati, swali la mwisho: mkasi niubebe wapi?

Hajati wa Arua:

Kwenye sanduku la chini, dada yangu, si mkoba wa mkononi, wataunyang'anya Entebbe. Na beba punje za maharage zaidi ya saba. Wenzako wawili watakuomba.