Dogo anaenda chuo mwaka wa kwanza, mpole na mkimya sana. Wazoefu, ni tabia gani hasa inayomfanya mtu atoboe?

BintiMakorora
Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Naandika toka Tanga mjini. Mdogo wangu kamaliza six EGM (uchumi, jiografia na hesabu) kapata div one, kachaguliwa Dodoma kusoma uchumi na takwimu miaka mitatu, mwezi ujao namsindikiza Kange apande basi. Nyumbani wote wanajua dogo ni kichwa, mama ndo usiseme, ila mimi roho haijatulia, maana mtaani kwetu kuna vijana wawili walikua vichwa hivi hivi na wote wamerudi, mmoja kadisko, yani kaondolewa chuo kwa kufeli, mwaka wa kwanza tu, mwingine kaacha mwenyewe saivi anapiga bodaboda, sio vibaya kazi ni kazi lakini sicho alichoendea. Na wengine waliokua wa kawaida kabisa shuleni wamemaliza vizuri na ajira wanazo. Kwahiyo naomba mniambie bila siasa, chuoni kinachombeba mtu ni nini? Msiniambie asome kwa bidii, hilo analijua. Dogo hana makundi, hanywi, mkimya mpaka wageni wakija wanadhani hayupo.

Mzee wa Semina
Marhaba binti. Mimi naongoza semina chuo fulani, sikitaji. Hapo mwisho ulipomsifia ndo umenistua. Huo ukimya.

Sisi watu wa pwani tunamlea mtoto kwamba adabu ni kutomhoji mkubwa, ukimwambia kitu anaitika "naam" anaondoka, hata kama hajaelewa ataenda kuhangaika nacho huko huko. Nyumbani ni sifa, ila chuoni mwalimu ana watu mia tatu ukumbini, wewe ukinyamaza anajua umeelewa anasonga mbele. Nawaona kila mwaka, kijana anakaa mstari wa nyuma, kitu kimempita wiki ya tatu, anaona aibu, wiki ya nne kinajengwa juu ya kile cha tatu, ikifika tesiti ndo anakuja ofisini na macho mekundu. Nami nitamwambia nini wakati huo. Na kwenye takwimu ndo balaa kabisa, ukishapotea kwenye probabiliti huko mbele kote unakariri.

Nyingine ni Kingereza, wengi wana swali zuri kabisa ila wanaogopa kuchekwa wakikosea sentensi. Mwambie aliandike swali usiku kwenye daftari, kipindi kikiisha amfuate mwalimu mlangoni amuulize hata kwa Kiswahili, hakuna mwalimu mwenye akili timamu atamfukuza. Aanze wiki ya kwanza au ya pili, swali dogo tu, ili aibu imuishe mapema. Akishauliza mara ya kwanza hizo nyingine hazina kazi.

dagaa_wa_deepsea
Mzee wa Semina kaongea ukweli ila mi naona mnasahau tumbo. Hizi habari za tabia ni za watu walioshiba. Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, linaingia kwa mkupuo, mtoto hajawahi kushika hela ile maishani, wiki ya kwanza ni kuku na chipsi na simu mpya, mwezi unaofuata anakula mihogo mara moja kwa siku halafu mnasema hana nidhamu ya kusoma, ataipata wapi na njaa? Mwaka wangu kuna jamaa alikua anaingia lekcha ya saa moja anasinzia, tukajua anakesha na mpira kumbe hajala toka jana mchana.

Mi nilichofanya, bumu likiingia nanunua kwanza mchele, unga, mafuta, sabuni vya kunifikisha bumu linalofuata, hela inayobaki naigawa kwa wiki naiacha kwenye simu, sitembei nayo mfukoni. Dagaa nilikua natumiwa toka Deep Sea huko Tanga mfuko mzima, Dodoma bahari hakuna nikawa mtu wa maana sana pale geto 😂 kila mtu rafiki yangu. Na tukawa tunapika watatu kwa zamu kwenye jiko la gesi, hao hao ndo tukasoma pamoja mpaka mwisho.

Mtoto wa Ngamiani
Akae mbali na mikeka ya kubeti. Nimemaliza.

dagaa_wa_deepsea
Mtoto wa Ngamiani 😂😂 kweli tupu, bumu la watu wangapi limeishia kwenye timu za Ulaya ambazo hata jina hawawezi kutamka

Kibarua_wa_Namba
Habari dada. Naongeza kitu ambacho hakuna aliyeniambia. Sekondari kuna kengele, kuna prepo, kuna mwalimu wa zamu na fimbo. Chuo hakuna. Unaweza usiingie lekcha mwezi mzima na asikutafute mtu. Watoto wa shule za bweni ndo wanaumia zaidi, kwa sababu nidhamu waliyokua nayo ilikua ya kengele, sio yao. Kwahiyo ajipigie kengele mwenyewe, kila siku muda ule ule sehemu ile ile, hata masaa mawili tu, simu iko kwa rafiki.

Halafu mwaka wa kwanza sio wa kuzoea mazingira kama wanavyodanganyana. Piga hesabu, vyuo vingi daraja la kwanza linaanzia GPA (wastani wa alama) 4.4 na mwisho ni 5. Kosi ya miaka mitatu, akipata 2.8 mwaka wa kwanza, ili afike wastani wa 4.4 anatakiwa apate 5.2 miaka miwili iliyobaki, haipo hiyo. Daraja la pili la juu, 3.5, bado anaweza ila lazima apige kama 3.85 mfululizo. Yani mlango mmoja ushafungwa na yeye bado anatafuta kantini iko wapi. Na kosiweki, yani tesiti na kazi za katikati ya muhula, isidharauliwe, sehemu nyingi ni alama 40 na UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ni 60, ukiingia UE na 14 unatafuta 26 ili tu ufike 40, mwenye 30 anatafuta 10 huku amelala usingizi mzuri.

Namna ya kusoma pia. Kuna watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, mwaka 2006 waliwapa wanachuo makala fupi, wengine wakairudia kuisoma, wengine wakaifunika wakaandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma wakaongoza, ila baada ya wiki wale waliofunika wakawaacha mbali. Sasa angalia wanafunzi wetu, desa, yani notsi, linasomwa mara nne linapakwa rangi za njano mpaka linang'aa, mtu anajiona kaiva. Dogo afunike karatasi aandike, asipoweza ndo afunue. Inauma kwa sababu unajiona mjinga, ila ni bora ujione mjinga chumbani kwako. Kwa takwimu achukue pepa za miaka ya nyuma afanye bila kuangalia majibu.

BintiMakorora
Asanteni sana jamani, nimemsomea dogo yote hapa barazani. Ya Mzee wa Semina kainamisha kichwa kimyaa, nikajua imemuingia. Kaahidi atauliza ila kasema ataanza kwa mwalimu wa kike 😅 Hesabu za GPA kachukua kalamu kazirudia mwenyewe kahakikisha.

Swali lake moja tu, kwa dagaa_wa_deepsea, eti jiko la gesi hosteli wanaruhusu?

dagaa_wa_deepsea
Hosteli za chuo nyingi hawaruhusu, wakilikuta wanalibeba. Sisi tulipanga geto nje. Akipata hosteli aipokee mwaka wa kwanza, asikimbilie geto kisa jiko, kuwa karibu na lekcha na laibrari kuna faida yake. Dagaa mkaangieni kabisa huko huko, wanakaa.