Acheni kutuita "nchi safi": hiyo sifuri ya gesi za florini ni kisanduku kitupu

Wakuu, lile jedwali limerudi tena. Gesi za viwandani zenye florini (kama za AC na swichi za umeme mkubwa), zinazopasha dunia joto, kwa kila nchi: China juu, Marekani na Japani zinafuata, na chini kabisa rundo la nchi za Afrika zimeandikwa 0. Halafu mabishano yaleyale. Mmoja: "sisi wasafi, wao walipe." Mwingine: "hatuna viwanda, mlitaka tuchafue kwa nini?" Wote mmeingizwa mjini.

Sifuri nyingi hapo maana yake ni "haijakadiriwa". Nchi tajiri zinalazimika kutoa hesabu ya gesi zote saba za kupasha dunia joto, zikiwemo za florini, yaani HFC, PFC, SF6 na NF3. Nchi inayoendelea yenye uwezo mdogo inaruhusiwa, hata chini ya Mkataba wa Paris, kuripoti tatu tu: kaboni dayoksaidi, methani na N2O. Za florini inaziongeza kama zimo kwenye ahadi zake au iliwahi kuziripoti. Mtu wa jedwali anakuta kisanduku kitupu, anapachika 0, na nyie mnashangilia.

Pili, gesi inahesabiwa wapi? Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda ozoni unaodhibiti pia HFC, inapiga hesabu ya matumizi hivi: iliyozalishwa, jumlisha iliyoingizwa, toa iliyouzwa nje na iliyoteketezwa. Hiyo ni gesi ya mitungi. AC inayoshushwa bandarini ikiwa imeshajazwa, gesi yake ilishaandikwa kule ilikojazwa. Ikivuja Kariakoo, imevuja Kariakoo, lakini kwenye daftari la matumizi haipo.

Tuchukue AC moja ya split ya BTU 12,000 yenye kama kilo moja ya R-410A, gesi ya AC iliyochanganywa kwa HFC. Kilo hiyo ina nguvu ya kupasha joto mara 2,088 ya kaboni dayoksaidi, yaani tani mbili na ushee. Lita ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3, kwa hiyo ni sawa na kuchoma lita 900 hivi. Fundi analegeza nati, pssss, dakika chache kazi imeisha. Na kabla ya hapo ilikuwa inavuja kwa sababu zinazojulikana: mdomo wa paipu umetanuliwa kwa kifaa butu, nati imekazwa kwa kukisia, hakuna aliyejaza naitrojeni kupima mvujo, pampu ya vakyumu haikuletwa kabisa. Badala yake anafungua vali na kuisukuma hewa nje kwa gesi yenyewe! Baada ya miezi sita mteja anaambiwa "gesi imeisha", inajazwa nyingine juu ya tundu lilelile. Gesi ya AC hailiwi jamani. Ikipungua imevuja. Njia sahihi ni kuinyonya kwa mashine, kuiweka kwenye mtungi wake uliopimwa kwenye mizani, usizidi asilimia 80. Lakini mtungi ukijaa unaupeleka wapi, wakati mitambo ya kuteketeza ni adimu? Hilo fundi wa mtaani halaumiwi.

Sasa matajiri. Ulaya imepiga marufuku kuanzia 1 Januari 2025 split mpya ndogo, chini ya kilo 3 za gesi, zenye gesi ya nguvu ya kupasha joto kuanzia mara 750 ya kaboni dayoksaidi. R-410A nje. Takwimu zao zitashuka na watapigiwa makofi. Kiwanda kinachojua kutengeneza AC za R-410A kinatafuta soko lisilo na kikomo kama hicho. Marekebisho ya Kigali ya 2016, yaliyoingiza HFC kwenye Itifaki ya Montreal, yalituongezea muda kwa nia njema: wao walianza kupunguza 2019, sisi wengi kusimamisha tu ongezeko ni 2024, India, Pakistani na Ghuba, Omani ikiwemo, ni 2028. Muda huo ndio umegeuzwa dampo.

Na msiibebeshe China lawama peke yake. Ukitengeneza R-22, gesi ya AC za zamani, kando yake inatoka HFC-23, hadi asilimia 3 hivi ya uzito, na nguvu yake ni mara 14,800. R-22 hiyo ndiyo malighafi ya Tefloni ya vikaango vya dunia nzima. Kampuni za Ulaya zilinunua hati za kaboni, yaani haki ya kujihesabia upunguzaji uliofanywa na mwingine, kutoka viwanda vya R-22, ambako gharama ya kuteketeza HFC-23 ilikuwa ndogo kuliko bei ya hati, mpaka Ulaya ikazikataa Mei 2013. Kisha vipimo vya hewani vya 2018 vikaonyesha HFC-23 inayotolewa kwa mwaka imefikia kiwango cha juu kuliko wakati wowote, huku ripoti za nchi zikisema karibu yote imechomwa. Kwa SF6 za swichigia, yaani swichi za umeme mkubwa, vipimo vya namna hiyo vilishazikuta ripoti za matajiri zenyewe zina upungufu.

Au angalieni Msumbiji na kiwanda chake cha aluminiamu karibu na Maputo. Alumina ikipungua kwenye tanuri la umeme, volti zinaruka kutoka kama 4 hadi 30 na zaidi, na CF4 inatoka, mojawapo ya PFC, gesi inayokaa angani miaka 50,000. Metali imekuwa ikipanda meli kwenda kwa wanunuzi wa nje, lakini CF4 inahesabiwa ya Msumbiji.

Kwa hiyo anayeleta jedwali humu aseme: visanduku vitupu umevifanya nini? Umehesabu gesi ilikojazwa au inakovuja? Umetumia viwango vipi vya IPCC, lile jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa? HFC-23 ni 14,800 kwenye ripoti ya nne na 12,400 kwenye ya tano. Changanya hizo mbili na nchi "imepunguza" asilimia 16 bila kufunga hata nati moja.