Tutajuaje asili ya kweli ya jina la mji mdogo?

Swali
Habari zenu, ndugu. Kila ninaposoma kuhusu mji mdogo fulani, nakuta kisa kitamu kinachoeleza jina lake: mfalme alipumzika hapo, au mgeni aliuliza njia, akajibiwa jambo jingine. Visa hivi navipenda kwa dhati, lakini vinafanana mno kutoka nchi hadi nchi. Mtu hutenganishaje asili ya jina na hadithi iliyotungwa baadaye?

Jibu la kwanza
Mfano mzuri ni Beddgelert, kijiji cha kaskazini mwa Wales. Neno bedd kwa Kiwelisi ni kaburi, na wageni huoneshwa kaburi lenyewe chini ya mti, la mbwa Gelert, ambaye inasimuliwa kwamba Llywelyn, mtawala wa Wales ya kale, alimuua akidhani amemla mtoto wake mchanga, kumbe alikuwa amemwokoa na mbwa mwitu. Hata hivyo, kaburi hilo lilitengenezwa mwishoni mwa karne ya 18, na anayetajwa ni mwenye nyumba ya wageni aliyetaka kuvuta watalii, ilhali jina la kijiji lilikwisha kuandikwa katika karne ya 13. Tafuta kwanza tahajia kongwe kuliko zote, ndipo usikilize kisa.

Jibu la pili
Tazama pia mwisho wa jina. Kule Uingereza, -by ya Grimsby na Whitby ni neno la walowezi wa Skandinavia lenye maana ya kijiji, na -caster ya Lancaster inatokana na castra ya Kilatini, yaani kambi ya jeshi.

Jibu la tatu
Tusikatae kila kisa cha ajabu, ndugu zangu. Mwaka 1950, mji wa Hot Springs huko New Mexico, Marekani, ulijiita Truth or Consequences, jina la kipindi cha redio, baada ya mtangazaji kuahidi kurusha kipindi hicho kutoka mji wowote utakaokubali kulichukua. Jina hilo lipo hadi leo.

Muulizaji
Nashukuru sana. Kando ya kila kisa nitaandika mwaka kilipoonekana mara ya kwanza, nilinganishe na umri wa jina. Je, pasipokuwa na maandishi ya kale?

Jibu la kwanza
Sikiliza wenyeji wanavyolitamka wakizungumza wao kwa wao, kwa kuwa ramani nyingi zilichorwa na wageni walioandika kile walichodhani wamesikia. Kisha uliza majina ya mto na kilima cha jirani.