Mdogo wangu anataka kuacha chuo achore katuni kama Gado, tumshauri nini?

dada_wa_tabata: Habarini wakuu. Nina mdogo wangu yuko mwaka wa pili anasomea usanifu majengo, sasa kaja na habari kwamba anaacha, anataka kuchora katuni tu, na kila ukimuuliza anakwambia mbona Gado, yule mchora katuni maarufu, naye alikuwa chuo cha Ardhi akaacha na leo ana tuzo za kimataifa. Mzee hataki hata kulisikia. Mimi michoro yake naipenda kweli, ananichekesha hata nikiwa nimenuna, ila sijui huko mbele kuna maisha gani. Wanaoijua safari ya Gado, ilikuwaje hasa? Na hizo tuzo zinalisha?

mchora_mistari: Dada, ni kweli Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar 1969, aliacha usanifu majengo 1992. Ila dogo akumbuke na upande wa pili wa hiyo stori. Hakuacha akakae kijiweni, aliacha akaenda kuajiriwa na kampuni ya magazeti ya Nation kule Nairobi, na kabla ya hapo michoro yake ilishatoka kwenye magazeti ya hapa Bongo. Dogo ana mhariri gani anayempigia jioni kumuuliza katuni ya kesho iko wapi? Muulize hilo, kipaji sina shaka anacho. Na tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi Gado kaipata 2007, piga hesabu mwenyewe, miaka 15 ya kuchora gazetini ndo ikaja. Kilichomlisha muda wote huo ni kazi ya gazeti.

wino_mweusi_nai: Mimi niko Nairobi, wengi wetu tulikuwa tunafungua gazeti tunaanzia kwa Gado. Nani asiyekumbuka Uhuru Kenyatta amechorwa na lile dude la chuma la mviringo limefungwa mguuni kwa mnyororo, enzi za kesi yake ICC, ile Mahakama ya Kimataifa ya Jinai? Halikuhitaji maelezo, likawa linarudi na kurudi mpaka ukiliona tu unajua ni nani na ana shida gani. Kupata alama kama ile ndiyo kazi yenyewe, na huipati kwa kusubiri mzuka. Lakini pia ajue inauma, Januari 2015 gazeti la The EastAfrican, la hao hao Nation, lilipigwa marufuku Tanzania na katuni yake ya Kikwete ikatajwa sana kwenye lile sakata, halafu 2016 mkataba wake na Nation haukuongezwa. Mei mwaka huohuo akapewa tuzo Geneva na Kofi Annan, yeye na mchora katuni mwenzake Zunar wa Malaysia. Mtu hana mkataba, ana tuzo.

bi_mkubwa_kinondoni: Mimi namsifu kwa kutokung'ang'ania gazeti peke yake. 1996 alitoa kitabu cha katuni cha Abunuwasi, 2009 vikaragosi vya XYZ Show, kile kipindi chake cha kejeli za siasa, vikaingia kwenye TV. Hata Masoud Kipanya wetu hapa anachora na redioni yupo. Mwanangu, dogo amalize chuo, ila aanze leo, achore habari ya wiki hii na si ya mwaka jana, atume kwa wahariri, akikataliwa atume nyingine.

dada_wa_tabata: Nashukuruni sana. Nimemuuliza habari ya mhariri, kumbe hajawahi kutuma popote, yote yamelala kwenye madaftari! Anayemjua mhariri wa hapa Dar anayepokea kazi za wanaoanza anicheki PM, wiki hii nampeleka mwenyewe.